Bawabu wa Pumzi

Kioo kiliwaka kwanza.

Mtu mwingine asingeona kasoro yoyote hapo. Mashine ya oksijeni ilikuwa imekufa tangu asubuhi, sasa imefufuka na kioo chake kinang'aa kijani, nani angekaa chini aulize kimewaka kabla ya nini? Lakini Kibano alikuwa fundi, na fundi huisikiliza mashine inavyoamka kama mama mkwe anavyoisikiliza nyumba ya mwanawe. Mashine ile ilikuwa na zamu zake. Feni huanza. Pampu hufuata. Kisha vali hugonga, tik, tik, na kioo huja mwisho kabisa, kikishaambiwa kwamba wenzake wote wameamka salama. Leo kioo kiliwaka kidole cha Kibano hakijagusa hata swichi, ndipo feni ikaanza kuzunguka, kwa uvivu, kama imeamrishwa.

"Imewaka?" dada yake aliuliza kutoka chumba cha nyuma.

"Imewaka."

"Basi ilete."

Akaibeba. Haraka ikiwa kubwa, hofu ndogo hukosa pa kukaa.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama yao: meza moja ndefu, taa ya kuinama, rafu zilizojaa mizoga ya vifaa vya watu, na dirisha la kupokelea wateja. Jina la Kibano alipewa na mama mwenyewe, kwa sababu alikuwa hashiki kitu kwa vidole ilhali kibano kipo, na kwa sababu, kama mama alivyopenda kusema mbele ya wageni, "huyu akishakibana kitu hakiponyoki, iwe skrubu, iwe ugomvi." Nyuma ya ukuta wa karakana ndipo alipolala mama huyo, mapafu yamemchoka, mrija puani, mashine kando ya kitanda ikimsaidia kuvuta hewa. Alipotaka kitu aligonga ukuta kwa kitana, ovyo ovyo, hana subira, na akicheleweshewa huanza kukitukana kizazi kizima kilichomzalia wavivu, akisahau kwamba amekizaa yeye.

Sasa, ndani ya mashine kama ile kuna chipu ndogo ambayo Kibano na wenzake waliiita bawabu. Ukizima mashine, bawabu halali. Madhali kuna betri, yumo macho gizani anasubiri kidole chako. Yeye ndiye anayewaamsha wengine kwa zamu, na yeye ndiye anayekagua muhuri wa kila programu kabla ya kuiruhusu kufanya kazi. Yenye muhuri mbovu huifukuza, akarudisha ile anayoiamini. Maagizo yake yameandikwa kwenye sehemu mbili. Kuna ukumbi, ambao hufutwa na kuandikwa upya kila kiwanda kinapoleta marekebisho. Na kuna chumba cha ndani, ambacho kimefungwa kwa mguu mmoja wa chipu uliolehemiwa kwenye ubao. Mguu ule ukiwa umekaa mahali pake, hakuna anayeandika humo ndani, hata bawabu mwenyewe.

Asubuhi ile umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukayavuruga maandishi ya ukumbini na mashine ya mama ikagoma. Kibano alikuwa na pacha wake rafuni, mashine ya aina ile ile aliyoinunua kwa mwuza chakavu ili aitoe vipuri. Njia sahihi ilikuwa kuzisoma zote mbili, kutafuta kipande kilichoharibika, kuchukua kipande hicho tu, na kumwachia bawabu akikague. Ni kazi ya kuchosha macho. Njia ya mkato kila fundi anaijua na kila fundi anaikana: unauinua ule mguu kwa ncha ya moto, unafuta kila kitu, ukumbi na chumba cha ndani pamoja, unamwaga humo nakala nzima ya mashine nyingine, kisha unaushusha mguu na kuulehemu upya. Mgeni anaingia na mizigo yake yote, na wewe unamfungia mlango.

Mtungi wa oksijeni wa akiba, aliowekewa mama kwa muda, ulikuwa unaelekea kuisha. Dada alimwita, akajibu, "Naja." Akamwita tena, sauti imebadilika, akajibu, "Namalizia," na hakuinua macho, maana alikuwa juu ya ule mguu wa chipu na hapo fundi hageuki hata nyumba ikiwaka. Baadaye dada hakuita tena, na Kibano akashukuru kwa utulivu ule.

Alipoingia na mashine alimkuta dada ameketi ukingoni mwa kitanda, amempa mgongo, ameishika miguu ya mama kwa mikono miwili. Mama alikuwa amefumba macho.

"Mvalishe," dada akasema bila kugeuka.

Akamvalisha mrija. Mashine ikapuliza. Mama akafumbua macho, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu.

"Ahsante, fundi," akasema.

Walicheka, au tuseme Kibano alicheka, akidhani ni utani. Na kwa kweli mambo yalikwenda vizuri hata ikawa aibu kulalamika. Mama ambaye alikuwa hawezi kujigeuza sasa aliketi. Alizungumza mchana kutwa bila kukohoa. Majirani waliopita kumjulia hali walitoka wakitikisa vichwa, wakimwambia Kibano pale dirishani kwamba mkono wake una baraka, na yeye akajifanya hasikii huku masikio yakimtoka kama sungura. Mtu akisifiwa kwa kazi aliyoifanya kwa njia ya mkato, huipenda zaidi.

Ila chumba kilianza kunuka. Si harufu kali. Ilikuwa harufu ya nguo zilizokunjwa hazijakauka, na dada alifua mashuka kila siku, akaanika, akarudisha, na harufu ikabaki pale pale. Na mama hakugonga tena ukuta ovyo. Aligonga polepole, kwa nafasi sawa sawa, hata alipokuwa hataki kitu. Na alikuwa amepata ulimi mwingine. Mama alijua kutukana, lakini matusi yake yalikuwa ya kukuchekesha. Haya yalikuwa yamenolewa.

"Mumeo hakukuacha," alimwambia dada siku moja akichanwa nywele. "Alikukimbia. Alikuwa akikutazama ukila, anatamani kulia."

Dada akaendelea kuchana. Kibano, aliyesimama mlangoni, hakuelewa kwa nini hakujibu, maana dada yake hakuwa mtu wa kumezea.

Watu husema majini hutembea usiku. Hili lilikuwa la mchana, saa za jua kali, wakati hata mbwa amelala chini ya gari. Ni mchana ndipo Kibano alipoketi kando ya kitanda, mama amelala, akaitazama mashine ikifanya kazi. Mashine ile imetengenezwa imfuate mgonjwa. Hukaa ikisubiri, mgonjwa akianza kuvuta pumzi huisikia, nayo humpulizia. Mgonjwa kwanza, mashine baadaye. Kibano alitazama kifua cha mama. Mashine ikapuliza, puu, na kifua kikapanda. Ikanyamaza, kifua kikashuka. Ikapuliza, kikapanda. Akatazama tena na tena, akitumaini kwamba jicho lake ndilo linalokosea, akahesabu kwa kugonga goti, akashika pumzi yake mwenyewe ili asijichanganye, na kila mara ilikuwa vile vile: mashine inaanza, na mama anafuata, kama godoro la hewa linavyomfuata anayelijaza.

Alipoinua uso, mama alikuwa macho anamtazama.

"Kazi yako nzuri," akasema.

Kibano akaondoka, akaenda kutengeneza redio ya mtu ambayo haikuwa na haraka.

Umeme ulipokatika tena, betri ya mashine ilikuwa mezani kwake. Alikuwa ameichomoa aipime, mashine ikabaki inatumia umeme wa ukutani peke yake. Taa ya kuinama ilizima. Redio ikanyamaza, friji ya jirani ikanyamaza, mtaa mzima ukawa kama umefunikwa blanketi, na katika kimya kile, nyuma ya ukuta, Kibano akasikia puu. Akasikia tena puu. Akainuka na betri mkononi, akiwa hajaamua kukimbia wala kutembea, akapita sebuleni ambako dada hakuwepo, akausukuma mlango wa mama kwa bega, na harufu ya nguo mbichi ikampokea, safari hii ikiwa na kitu kingine chini yake, kitamu, cha kuoza, na pale kando ya kitanda kioo kilikuwa kinawaka kijani, na waya wa umeme ulikuwa umelala sakafuni, haujachomekwa hata ukutani.

Alifanya anachojua. Akatoa mita yake ya kupimia umeme mfukoni, akafungua kifuniko, akapima. Feni, hakuna kitu. Pampu, hakuna kitu. Na bado vyote viwili vilikuwa vinazunguka. Akaigusa njia ya bawabu, na sindano ya mita ikapanda kwa furaha.

"Unatafuta nini, fundi?"

"Mama," Kibano alinong'ona, "betri ninayo mimi."

"Naiona."

"Sasa hii inatembea na nini?"

Mama alitabasamu. Kifua kilikuwa kimeshuka na hakikupanda, na maneno yalitoka hivyo hivyo, bila pumzi ya kuyabeba. "Wewe ndiye uliyenifungulia. Tena mstaarabu, ukanifungia na mlango."

"Wewe ni nani?"

"Niite unavyomwita huyu. Nimezoea. Kule nilikotoka watoto waliniita baba."

Mita ilimponyoka. Mama, au kile kilichotumia mdomo wa mama, kilimtazama akiiokota, kikamtazama akirudi kinyumenyume hadi mlangoni, na hakikuacha kutabasamu hata dada alipoingia na ndoo ya maji ya kumwogesha.

Kesho yake Kibano alimkuta mwuza chakavu amekaa juu ya tairi, anakula karanga. Alikuwa mtu wa mizaha, hamalizi salamu bila kukuuzia kitu. Aliposikia ni mashine gani inayoulizwa, alifunga mfuko wa karanga.

"Ilikuwa ya mzee mmoja," alisema kwa sauti ya chini. "Mkali. Alijifungia chumbani, hataki kuonwa. Watoto wake walikuwa wanakwenda mlangoni wanamsalimu, anawajibu. Chakula hataki. Wanamsikia anapumua, wanaondoka. Mpaka nyumba ikaanza kunuka."

"Wakavunja mlango."

"Wakavunja. Mzee alikuwa amekufa zamani, kaka. Zamani sana. Na mashine inampulizia, na yeye anawaambia wamfungie mlango, kuna upepo."

"Na ukaniuzia mimi?"

"Nilikuuzia vyuma," mwuza chakavu akasema. "Wewe nani alikuambia uchukue na kilichomo?"

Kibano alirudi nyumbani, akaunganisha kompyuta yake na mashine mbele ya macho ya mama yasiyopepesa, akaandika programu safi ya kiwanda ukumbini. Mashine ikajizima, ikajiwasha. Kioo kwanza. Bawabu akaikagua programu ya kiwanda, akasema muhuri wake ni mbovu, akaifukuza, akairudisha yake. Kibano akaandika tena. Ikafukuzwa tena. Kila alipousoma ukumbi aliukuta umefagiliwa na kupangwa vile vile, kwa sababu aliyekaa chumba cha ndani ndiye anayeamua muhuri upi ni wa kweli, na aliyekaa humo hakuwa wa kiwanda.

"Umechoka?" mama aliuliza.

Ndipo alipomwita mkunga. Mkunga alikuwa bibi mnene mwenye miwani minene zaidi, aliyezalisha nusu ya mtaa na kuwatoa mashetani nusu nyingine, na alidai kazi zile mbili hazitofautiani sana: kote ni kumshawishi mtu atoke mahali alipopazoea. Aliitikia shikamoo zao, akawafukuza kando, akalaza sikio kifuani mwa mama. Alikaa hapo muda mrefu.

Mkunga akawatoa nje, hadi karakana, akafunga mlango.

"Nimesikia pumzi ya kwanza ya watoto wengi," alisema polepole. "Nimesikia na za mwisho. Ile siyo pumzi, wanangu. Ule ni upepo unapita kwenye nyumba tupu."

"Bibi, anaongea," Kibano alisema.

"Anaongea nani? Mwenye nyumba kahama. Mnazungumza na mpangaji."

Kibano alimgeukia dada yake, akitaka akatae pamoja naye. Dada alikuwa ameegemea rafu, ameifumbata mikono kifuani, anaangalia chini.

"Dada."

"Mimi ndiye ninayemwogesha," dada alisema. "Unadhani sijui? Tangu siku ile mgongo wake ni baridi. Maji hayampati joto. Nampaka mafuta, ngozi inabaki mkononi." Akapangusa pua kwa kiganja. "Nilikuita. Ukasema unamalizia. Nilimfumba macho mwenyewe. Halafu ukaja na mashine, na akayafumbua, na mimi nikasema basi, vyovyote alivyorudi, amerudi."

Kibano alikaa chini sakafuni, kati ya skrubu. Alikuwa amesifiwa dirishani siku zote zile. Alikuwa amezipokea sifa. Mama yake alikufa akisubiri upande wa pili wa ukuta, naye anashukuru kwamba kelele zimekwisha. Alilia kwa sauti, na mkunga akamwacha alie, lakini si kwa muda mrefu.

"Nisikilize," alisema. "Mimi naweza kulisomea likatetemeka. Naweza kulitoa ukumbini. Huko chumbani ulikolifungia siwezi kuingia, sina ufunguo. Ufunguo unao wewe."

Alikuwa nao. Fundi hafuti chipu kabla hajahifadhi nakala yake, na ndani ya kompyuta ya Kibano ilikuwamo nakala ya mashine ya mama kama ilivyokuwa asubuhi ile, imeharibika ukumbini, lakini safi chumba cha ndani. Akiirudisha, mashine itakuwa mbovu tena. Itakuwa mzoga mtupu, na hakuna atakayekaa ndani yake.

Walirudi chumbani wote watatu, mchana kweupe, madirisha wazi, watoto wakicheza mpira barabarani. Mkunga akaketi kichwani mwa kitanda akaanza kusoma kwa sauti nyembamba isiyopanda wala kushuka. Kibano akapiga magoti mbele ya mashine, akaunganisha klipu kwenye chipu, akashika kifaa cha kulehemu.

"Usiguse hapo," mama akasema.

Akapagusa. Lehemu haikuyeyuka. Ncha ilikuwa nyekundu, aliuona wekundu wake, alisikia joto lake shavuni, na lehemu ikakaa ngumu kama jiwe, na mashine ikaanza kupuliza haraka, puu puu puu, na kifua cha mama kikapanda na kushuka kwa kasi ambayo hakuna kifua cha mgonjwa kingeihimili, na kitanda kikatikisika, na harufu ile ikajaa hadi watoto barabarani wakaacha mpira na kuuliza nini kinanuka, na kutoka kwenye mdomo ule uliokuwa wazi zikaanza kutoka sauti, moja juu ya nyingine, ya mzee mkali anayetaka mlango ufungwe, ya mwanamke anayeomba maji, ya mtu asiye na umri wala jinsia aliyekuwa anahesabu, na Kibano akakandamiza ncha kwa mikono miwili huku jasho likimwingia machoni na mkunga akisoma, akisoma, bila kuruka neno, mpaka lehemu ikalegea na mguu wa chipu ukainuka unene wa unywele.

Sauti zote zikakoma.

"Mwanangu," mama akasema.

Ilikuwa sauti yake. Ile ya kabla ya ugonjwa, yenye kucheka chini chini. Kibano alikuwa na kidole juu ya kitufe cha kuandika.

"Mwanangu, nina baridi. Mbona mnanitazama hivyo? Nilikuwa nimelala tu."

"Usimjibu," mkunga alisema kati ya maneno yake.

Dada akapiga hatua. Alimshika Kibano mkono, si kwa nguvu, kama anavyomshika tangu wakiwa wadogo wakivuka barabara. "Ukibonyeza," alinong'ona, "safari hii ni wewe utakayekuwa umemuua."

"Alishakufa, dada. Alikufa nikilehemu."

"Najua."

"Sasa niachie mkono."

"Niache nimsikie kidogo tu," dada akasema, na machozi yalimtiririka bila uso wake kubadilika. "Hii ndiyo sauti yake. Tulikuwa tumeisahau."

Wakasikiliza. Mungu awasamehe, walisikiliza wote wawili, na sauti ile iliwaita kwa majina yao ya utotoni, ikawauliza kama wamekula, ikamtania Kibano kwamba akishakibana kitu hakiponyoki, basi asimwache aponyoke mama yake. Ilijua kila kitu ambacho mama alijua. Kitu kimoja tu haikukijua. Mama, angekuwa yeye, asingewabembeleza. Angekuwa ameshawatukana zamani wamalize upesi.

Dada ndiye aliyelegeza vidole kwanza. Kibano akabonyeza.

Maandishi yaliingia taratibu. Wakati yakiingia, kile kilichokuwa ndani hakikupiga kelele. Kiliwatazama mmoja mmoja kwa chuki iliyotulia, kama mtu anayekariri nyuso. Kisha kioo kikazima. Pampu ikakohoa, feni ikasimama, na kifua cha mama kikashuka na kuendelea kushuka, pumzi ndefu ikamtoka yenye siku zote zile ndani yake, na usoni mwake mambo yaliyokuwa yamezuiwa yakatokea kwa pamoja, hata mkunga akavuta shuka upesi kumfunika ili watoto wake wasione. Dada akaikumbatia miguu ile baridi, akalia kwa sauti mpaka majirani wakaja.

Walimzika siku ile ile, jeneza limefungwa. Mashine zote mbili Kibano alizivunja kwa nyundo, na vipande akavitia kwenye moto mpaka plastiki ikatiririka. Nakala ya mashine ya yule mzee akaifuta kwenye kompyuta. Watu walipokwisha kutawanyika alikaa karakana, dirisha limefungwa, akawasha simu yake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kundi la mafundi lilikuwa limejaa pole. Alizipitia kwa kidole, hana nguvu ya kujibu, mpaka akafikia ujumbe ambao haukuwa wa pole. Ulikuwa wa shukrani.

Mafundi wana desturi yao: ukipata nakala ya chipu inayofanya kazi, huilalii. Unaiweka kwenye kundi, wenzako nao waponye. Alasiri ile ile mama alipofumbua macho, Kibano, kwa furaha yake yote, alikuwa ameiweka ile ya mashine ya mzee. Alikuwa ameandika chini yake: "Safi, imejaribiwa kwa mgonjwa. Inueni mguu, mwageni yote." Tangu hapo akawa na mama wa kumtazama, akasahau. Wenzake hawakusahau. Walikuwa wameishusha, wameisambaza kwenye makundi mengine, miji ambayo hajawahi kukanyaga.

"Kaka, ubarikiwe. Mke wangu tulishamfunika uso. Nilipowasha tu akafumbua macho."

"Hapa zahanati nimezimwagia zote. Wagonjwa wanaongea mchana kutwa."

Kibano aliandika upesi. Msitumie ile nakala. Zimeni mashine. Msizungumze nao, zimeni zote sasa hivi. Akatuma. Chini ya kioo ikaonekana kwamba mtu anaandika, akaacha, akaandika tena. Alikuwa fundi ambaye hakumjua, mwenye picha ya mtoto wa kike pale penye picha yake.

"Nizime vipi, kaka, na mwanangu anapumua?"

Kibano aliyasoma maneno yale mpaka yakapoteza umbo. Yeye alikuwa na mkunga, na alikuwa na dada. Yule mwenzake alikuwa peke yake chumbani na mtoto, na mtoto alikuwa anamsemesha.